Kumwaga oili mwenyewe, na kuilinda injini kati ya sevisi na sevisi

Karibu kila wiki maswali ni yale yale matatu. La kwanza: "Fundi, gari langu liwekwe oili gani?" La pili: "Nimwage baada ya kilomita ngapi?" La tatu huja kwa sauti ya chini, na anayeuliza huwa ameshaleta gari kwa kamba: "Mimi namwaga oili kila kilomita elfu tano, sijawahi kuchelewa. Mbona injini imenoki?"

Hilo la tatu ndilo limenifanya niandike. Nakumbuka Toyota IST moja iliyovutwa kutoka njia ya Chalinze. Mwenyewe ni mtu makini, karatasi zake za sevisi zimepangwa kwenye bahasha, kila moja na tarehe yake. Nilipofungua boliti ya sampu, lile bakuli la oili lililo chini ya injini, ilitoka oili isiyojaza chupa ndogo ya soda. Injini ile hubeba lita 3.7 za oili. Tangu sevisi ya mwisho alikuwa ametembea kilomita elfu nne na mia kadhaa, na kijiti cha kupimia hakikuchomolewa hata mara moja, kwa sababu "elfu tano ilikuwa haijafika".

Sasa fuatana nami kwenye hesabu hii. Vitabu vya Toyota vyenyewe husema injini inaweza kula oili hadi lita 1 kwa kilomita 1,000 na bado ikahesabiwa kuwa haijavuka kiwango. Injini inayobeba oili lita 3.7 ikila kwa kasi hiyo, inakuwa kavu kabla ya kilomita 4,000. Hata ikila nusu ya hapo, ukifika elfu tano umepoteza lita mbili na nusu, na kilichobaki ni lita moja na ushei. Gari nyingi tunazoendesha zimeshatumika miaka kumi au zaidi Japani kabla ya kupanda meli, kwa hiyo injini inayokula oili kidogo kidogo ni jambo la kawaida. Tarehe ya sevisi haikuambii hilo. Kijiti kinakuambia.

Basi mwongozo huu una sehemu mbili: jinsi ya kumwaga oili wewe mwenyewe nyumbani, na jinsi ya kuiangalia baada ya hapo. Ukiona huna muda wa kujifunza sehemu ya kwanza, mpe fundi kazi hiyo. Sehemu ya pili usimwachie mtu.

Mfano nitakaoutumia ni Toyota zenye injini ya 1NZ-FE, ile ya 1.5: IST, Probox, Runx, Premio na Allion ndogo. Hatua ni zile zile kwa gari nyingi za petroli. Kinachobadilika ni kiasi cha oili, saizi ya boliti na mahali filta ilipo. Kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho.

Oili gani

Kwenye kopo tafuta vitu viwili, na bei iwe ya tatu.

Kwanza ni uzito, namba kama 5W-30. Namba ya mbele inaeleza oili inavyotiririka injini ikiwa baridi, ya nyuma inaeleza unene wake injini ikiwa moto. Kwa 1NZ-FE, 5W-30 ndiyo chaguo langu. 10W-30 nayo inafaa kabisa kwa hali ya hewa yetu. Injini iliyochoka, iliyopita kilomita laki mbili na inakula oili, naikubalia 10W-40.

Wengi wataambiwa waweke 20W-50 "kwa sababu Dar kuna joto". Sikubaliani na ushauri huo kwa injini hizi. Injini ikishapata moto, maji yake hushikiliwa na thermostati, vali inayodhibiti joto la maji, karibu nyuzi 80 hadi 90, iwe ni Njombe asubuhi ya Juni au Tanga adhuhuri ya Februari. Joto la nje halibadilishi mengi. Lakini mnyororo wa taimingi wa injini hii hukazwa kwa presha ya oili, na VVT-i, mfumo wa Toyota unaobadilisha muda wa vali kufunguka, nayo huzungushwa kwa presha ya oili ipitayo kwenye vijitundu vyembamba. Oili nzito huchelewa kufika huko kila unapowasha asubuhi, na sekunde hizo za mwanzo ndizo zinazosaga chuma.

Pili ni daraja la API, taasisi ya petroli ya Marekani inayopanga viwango vya oili. Kwa petroli ni herufi zinazoanza na S. SL ilikuja 2001, SM 2004, SN 2010, SP 2020, na ya baadaye inafaa mahali pa ile ya kabla yake. Kwa 1NZ-FE chukua SL kwenda mbele, na SN au SP ni bora zaidi. Hapa ndipo watu wanapoumia bila kujua: madukani bado yapo makopo ya bei nafuu yaliyoandikwa SF au SC. SF ilitungwa kwa injini za mpaka mwaka 1988. Kopo linaweza kuwa zuri, jipya, lenye picha ya gari la kisasa, na ndani yake mna oili ya injini za zama za babu yako. Geuza kopo, soma nyuma, kwa herufi ndogo.

Kuhusu oili bandia: nunua kwa muuzaji mwenye duka la kudumu anayekupa risiti, angalia sili ya kizibo kama haijaguswa, na usinunue oili iliyofunguliwa na kupimwa kwenye chupa ya maji. Biashara ya vilainishi inasimamiwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na ubora wa bidhaa upo chini ya TBS, shirika la viwango, kwa hiyo ukiwa na risiti una pa kupeleka malalamiko. Bila risiti huna.

Andaa hivi kabla ya kugusa gari

- Oili, kopo la lita 4. Injini hii huchukua lita 3.7 ukibadilisha na filta. Kinachobaki usikitupe, utakihitaji.
- Filta mpya ya oili inayolingana na injini yako. Nenda dukani na namba ya injini au na filta ya zamani mkononi.
- Wosha mpya ya boliti ya sampu. Bei yake ni ndogo sana, na wengi huiruka. Usiiruke.
- Soketi au spana ya ringi namba 14. Usitumie spana inayorekebishika, itakula kingo za boliti.
- Kifungulio cha filta, cha mkanda au cha kikombe.
- Jeki, stendi mbili za chuma, na vipande vya mbao vya kuzuia matairi.
- Beseni linalobeba zaidi ya lita 5, funeli safi, vitambaa visivyotoa nyuzi, glavu.
- Daftari na kalamu.

Matofali si stendi. Tofali la saruji halionyi, linapasuka mara moja. Na jeki peke yake si stendi, hata kama ni mpya. Kama huna stendi mbili, tafuta gereji yenye shimo uombe kulitumia, au acha kazi hiyo mpaka uzipate. Hapa sina msamaha, maana mwili wako ndio utakaokuwa chini ya gari.

Hatua kwa hatua

1. Pasha injini dakika tatu hadi tano, kisha izime. Oili yenye uvuguvugu hutoka haraka na kubeba uchafu. Usifanye kazi hii mara tu baada ya safari ndefu, kwa maana oili itakuwa karibu na joto la maji yanayochemka na itakubabua mkono.

2. Egesha mahali tambarare na pagumu, si kwenye mchanga. Weka gia kwenye P, vuta hendibreki, zuia matairi ya nyuma kwa mbao.

3. Inua mbele kwa jeki sehemu zilizoonyeshwa kwenye kitabu cha gari, weka stendi pande zote mbili, shusha gari likae juu ya stendi. Sukuma gari kwa mkono kwa nguvu kabla ya kuingia chini. Likitikisika, anza upya.

4. Fungua boneti, legeza kizibo cha kujazia oili na uchomoe kijiti kidogo. Hewa ikiingia kwa juu, oili hushuka vizuri. Hii pia ni kinga: kama kizibo kimegoma kufunguka, ni bora ujue sasa kuliko baada ya kuikausha injini.

5. Ingia chini utafute boliti ya sampu. Hapa simama kidogo. Gia boksi ya otomatiki nayo ina sampu yake na boliti yake, pembeni tu. Kuna watu wamemwaga oili ya gia wakidhani ni ya injini, kisha wakajaza oili mpya juu ya ile ya zamani, injini ikabeba karibu lita nane, na kuendesha gia boksi ikiwa kavu, na kwa siku moja wakaharibu vitu viwili. Hakikisha sampu unayoigusa ipo chini ya injini, upande wa mikanda. Ikitoka oili nyekundu au ya waridi, funga haraka, hiyo ni ya gia.

6. Weka beseni, legeza boliti kwa spana, kisha malizia kwa vidole huku ukiisukuma juu kidogo mpaka nyuzi ziishe, halafu uivute pembeni kwa mara moja. Oili haitoki kwa kushuka wima, hurushwa mbele kama maji ya bomba, kwa hiyo beseni likae mbele kidogo ya tundu.

7. Iache ichuruzike dakika kumi, mpaka iwe matone. Wakati huo iangalie, maana oili chafu ni barua kutoka ndani ya injini. Weusi peke yake usikutishe: kazi ya oili ni kubeba masizi, na ikirudi nyeusi imefanya kazi yake. Paka kidogo kwenye karatasi nyeupe uigeuze juani. Vumbi la kung'aa jembamba kama unga linaweza kuonekana kwenye injini ya umri, lakini vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha ni beringi au mnyororo unaisha. Rangi ya chai ya maziwa ni maji. Harufu kali ya petroli ni plagi au nozeli yenye tatizo, au safari fupi fupi mno. Pima pia kiasi kilichotoka, kwa kukimimina kwenye kopo tupu la lita 4. Kama uliweka lita 3.7 na imetoka lita 2.5, umepata jibu ambalo fundi wako huenda hajawahi kukupa.

8. Futa boliti, toa wosha ya zamani, ambayo wakati mwingine huganda kwenye sampu na haionekani, weka mpya. Rudisha boliti kwa vidole mpaka ikae, ndipo ushike spana. Mkazo unaotakiwa ni kati ya 35 na 40 Nm (nyutoni mita). Kama huna spana ya kupima mkazo, kaza kwa mkono mmoja kwa spana fupi mpaka wosha ibanwe, ongeza robo mzunguko, acha. Nyuzi zikiliwa kwa kukaza kupita kiasi, boliti huanza kudondosha oili njiani, na sampu nzima hubadilishwa kwa sababu ya nguvu isiyohitajika.

9. Hamishia beseni chini ya filta, lile kopo dogo lililokaa ubavuni mwa injini. Ilegeze kwa kifungulio, itoe kwa mkono, itamwaga oili kidogo. Sasa tazama mpira wa duara wa filta ya zamani: umetoka nayo, au umebaki umeganda kwenye injini? Ukifunga filta mpya juu ya mpira wa zamani, gari litawaka vizuri na kuondoka vizuri, kisha presha itausukuma mpira nje na oili yote itamwagika barabarani kwa dakika chache. Papasa hapo kwa kidole, usitegemee macho.

10. Paka oili mpya kwenye mpira wa filta mpya, ifunge kwa mkono mpaka mpira uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko, kwa mkono tu. Kifungulio ni cha kufungulia, kama jina lake lilivyo.

11. Shusha gari liwe tambarare. Jaza lita 3 kwanza kwa funeli. Subiri dakika mbili, pima, kisha ongeza kidogo kidogo mpaka kiwango kikaribie alama ya juu. Usimimine kopo zima kwa sababu limeandikwa lita 4.

12. Funga kizibo, rudisha kijiti, washa injini bila kukanyaga mafuta. Taa nyekundu ya oili inapaswa kuzima ndani ya sekunde chache, filta ikijaa. Isipozima, zima injini hapo hapo. Ikizima, iache injini iungurume dakika mbili huku ukichungulia chini kwenye boliti na filta.

13. Zima, subiri dakika tano, pima tena. Kiwango kitakuwa kimeshuka kidogo kwa sababu filta imekunywa. Ongeza mpaka kifike karibu na alama ya juu, kisivuke.

14. Andika kwenye daftari: tarehe, kilomita zinazosomeka, aina ya oili, kiasi ulichoweka na kiasi kilichotoka. Karatasi ya gereji iliyoning'inizwa karibu na usukani huanguka. Daftari linabaki.

Oili chafu ifunge kwenye kopo tupu. Najua kwetu hupakwa kwenye mbao kuzuia mchwa, na wengine huimwaga uani kutuliza vumbi. Ina metali na mabaki ya moto wa injini. Ikiingia kisimani haitoki, na ikikaa kwenye ngozi miaka na miaka inaweza kuleta saratani. Gereji kubwa huwa na pipa linalochukuliwa na wakusanyaji wenye kibali. Peleka huko.

Kijiti, kila wiki

Chagua siku. Wateja wangu nawaambia Jumamosi asubuhi, kabla gari halijawashwa, maana oili yote imeshuka kwenye sampu usiku kucha.

Chomoa kijiti, kifute kikavu, kirudishe mpaka mwisho, kichomoe tena, ukisome kwa kukilaza. Ukipima bila kufuta kwanza utasoma oili iliyotapakaa, na utajidanganya. Kama pande mbili za kijiti zinatofautiana, amini ulio chini.

Kuna alama mbili. Kwenye injini nyingi ndogo, kutoka ya chini kwenda ya juu ni kiasi cha lita moja au zaidi kidogo. Kiwango kikifika katikati, ongeza robo lita, pima, ongeza tena ukihitaji. Usisubiri alama ya chini.

Halafu andika ulichoongeza. Baada ya miezi miwili utakuwa na namba ambayo ni mali yako: injini yangu inakula kiasi fulani kwa kilomita 1,000. Injini inayokula robo lita kwa kilomita 1,000 inaweza kukuhudumia miaka mingi bila ugomvi, mradi unairudishia inachokula. Kinachotisha ni namba inayobadilika ghafla, robo lita ikawa lita nzima ndani ya mwezi mmoja.

Kama gari lako lina 1ZZ-FE ya kabla ya mwaka 2005, ile ya 1.8 iliyopo kwenye baadhi ya Spacio na Allion, au 2AZ-FE ya 2.4 ya miaka ya 2006 hadi 2009, iliyopo kwenye RAV4 na Alphard nyingi, usisubiri wiki. Injini hizo zinajulikana kwa kula oili kwa sababu ya pistoni na ringi zilivyotengenezwa: matundu ya kurudishia oili huziba na masizi. Pima kila unapojaza mafuta, na kabla ya safari yoyote ndefu.

Kilomita ngapi

Japani, Toyota hutoa kiwango cha kilomita 15,000 au mwaka mmoja kwa injini za petroli zisizo na tabo, na kinakatwa nusu, yaani kilomita 7,500 au miezi sita, kwa gari linalofanya kazi ngumu. Kazi ngumu kwao ni barabara mbovu, vumbi, milima, safari fupi fupi. Hiyo ni Jumatatu ya kawaida kwa mtu wa Goba.

Lakini kilomita zinaficha jambo. Mtu wa kwanza anatoka Mbagala kwenda Posta kila siku, kwenye foleni, wastani wa kilomita 15 kwa saa. Akifikisha kilomita 5,000 injini yake imeunguruma zaidi ya saa 330. Mtu wa pili anaenda Morogoro na kurudi kwa wastani wa kilomita 80 kwa saa. Kwa kilomita zile zile 5,000, injini yake imefanya kazi saa 62 na nusu. Wote wawili wanabandikiwa karatasi moja yenye namba moja. Oili ya yule wa kwanza imepikwa mara tano zaidi.

Msimamo wangu, kwa oili ya SN au SP: anayeishi kwenye foleni amwage kila kilomita 4,000 au miezi sita, kinachotangulia. Anayetembea njia kuu zaidi, kilomita 6,000 hadi 7,000 haina shida kama kijiti kinasomwa. Gari linalolala wiki nzima na kwenda kanisani au msikitini tu, miezi sita iwe ndiyo kipimo, hata kama limetembea kilomita 800. Lita moja ya petroli ikiungua huzaa karibu lita moja ya maji. Mengi hutoka na moshi kwa eksozi, lakini yanayopenya chini kwenye oili huhitaji injini ipate moto sawasawa ndipo yakauke, na safari ya dakika saba haifikishi hapo.

Mengine mawili yanayoua oili bila wewe kuigusa. Filta ya hewa iliyochoka au isiyokaa sawasawa huingiza vumbi, na vumbi ndani ya oili ni msasa. Kwa barabara za vumbi ifungue uiangalie kila mwezi. Na rejeta: weka kulanti, kimiminika maalumu cha kupooza injini, usiweke maji ya bomba, maana injini iliyochemka mara moja tu inaweza kugandisha ringi za pistoni, na kuanzia hapo itaanza kula oili.

Ukikutana na haya

Taa nyekundu ya oili imewaka ukiendesha. Simama pembeni, zima injini, usitafute gereji kwanza. Taa hiyo haisemi kwamba oili imepungua. Inasema presha imekwisha, na vyuma vinasuguana wakati huo huo. Pima kijiti. Kama oili ni pungufu, ongeza, washa. Taa ikizima, nenda taratibu na utafute oili ilikopotelea. Kama kijiti kipo sawa na taa bado inawaka, usiwashe tena, vuta gari. Mwenye ile IST alisema taa ilikuwa ikiwaka kwenye kona na mizunguko kisha inazima, akadhani ni waya. Oili kidogo iliyobaki ilikuwa ikikimbilia upande mmoja wa sampu, na pampu inavuta hewa.

Moshi wa bluu asubuhi unapowasha tu, kisha unaisha: mara nyingi ni sili za vali. Moshi wa bluu unapokanyaga mafuta kwenye mlima: ringi. La kwanza halina haraka sana. La pili lipimwe kompresheni kabla hujakubali kufungua injini.

Kijiti kinapungua lakini hakuna moshi wala tone chini. Kabla ya kulaumu ringi, mwambie fundi akague vali ya PCV, ile ndogo inayovuta mvuke wa injini kuurudisha kwenye hewa inayoingia. Ikiganda, oili huvutwa nayo na kuungua polepole. Ni spea ya bei ndogo na hubadilishwa kwa dakika chache.

Kijiti kinapanda bila kuongeza. Hii ni mbaya kuliko kupungua. Ni petroli au maji yameingia. Nusa, tazama rangi. Ikiwa kama chai ya maziwa, usiwashe gari, gasketi ya silinda hedi iangaliwe. Utando wa krimu chini ya kizibo peke yake, wakati kijiti ni safi, mara nyingi ni unyevu wa safari fupi. Endesha mwendo mrefu mara moja uangalie kama umetoweka.

Umejaza kupita alama ya juu. Kidogo tu, upana wa kucha, hakuna neno. Ikizidi hapo, punguza, kwa kulegeza boliti au kwa sirinji na mpira kupitia tundu la kijiti. Oili ikizidi, krenki huipiga ikawa povu, na povu haliwezi kubeba presha.

Injini inatoa mlio wa kukatakata sekunde moja au mbili asubuhi kisha inatulia. Angalia kiwango kwanza, kisha kama filta ni ile halisi, kwa maana filta duni huacha oili irudi yote chini usiku. Mlio ukiendelea baada ya kubadilisha filta, mnyororo wa taimingi na kikazio chake vikaguliwe. Taa ya injini ikiwaka na kompyuta ya kupimia ikisoma P0011, namba ya hitilafu ya VVT-i, anza na oili na vali ya VVT-i. Mara nyingi ni oili nzito au chafu imekwamisha, na mtu huuziwa gia nzima ya VVT-i bila sababu.

Umenunua gari na hujui historia yake, na ukichungulia kwenye tundu la kizibo unaona matope meusi. Usimimine dawa ya kusafisha injini kwa siku moja. Inaweza kubandua matope kwa mapande na kuziba chujio la pampu. Mwaga oili na filta, tembea kilomita 1,000, mwaga tena na filta, tembea 2,000, mwaga tena. Oili nzuri ina sabuni yake ndani, itasafisha polepole. Kipindi chote hicho pima kijiti kila asubuhi, maana matope yakianza kutoka, sili zilizokuwa zimezibwa nayo huanza kuvuja.

Upo njiani, oili imepungua, na kituo kilicho karibu hakina aina yako. Ongeza yoyote ya injini ya petroli waliyonayo, ya uzito unaokaribiana, ufike. Oili za injini huchanganyika bila kugandana. Ukifika nyumbani ifanyie sevisi mapema. Na kile kilichobaki kwenye kopo lako la lita 4 siku ya sevisi, kiweke kwenye buti, pamoja na funeli na kitambaa.